Jinsi Tulivyopata Mahali pa Zahanati Ng'ambo

Siku niliyoripoti kazini sikukabidhiwa kalamu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vyenye kisigino, nimejiandaa kukaa mezani na karatasi angavu. Ndiyo ile karatasi laini inayopitisha mwanga, ambayo zamani tulichorea miji kwa wino, na ukikosea unakwangua kosa taratibu kwa wembe. Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Afisa Mipango Miji wa Mkoa, mtu mfupi mwenye sauti ya chini. Alinitazama usoni, akanitazama na miguuni.

"Umewahi kuishi mji huu?"

"Hapana, mzee. Kwetu Mahenge. Nimetoka chuo moja kwa moja."

"Basi leo huchori. Hapo nyuma ya ofisi kuna mama anauza maandazi, nimeshaongea naye. Mfuate mpaka jioni. Akienda sokoni, nenda. Akienda kusaga, nenda. Kesho uniambie amechokea wapi."

Nilidhani ananitania mgeni. Nikamfuata yule mama. Bomba la maji lilikuwa upande mmoja wa mtaa, mashine ya kusaga upande mwingine kabisa, na shule ya mwanawe ng'ambo ya barabara kuu ambapo malori hayapunguzi mwendo. Soko lilikuwa mbali kiasi kwamba tulipofika nyanya nzuri zimeshachaguliwa. Jioni viatu nilivibeba mkononi.

Kesho yake nikamwambia mkuu, "Amechokea njiani, mzee. Kazi zenyewe hazikumchosha."

Akaitikia kwa kichwa, ndipo akanipa kalamu. "Ukichora barabara, jiulize nani atapita hapo na amebeba nini. Mtu akitembea sana kutafuta vitu vya kila siku, ujue sisi ndio tuliovitawanya."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa. Ninyi mnaoingia kazini leo mna vishikwambi na picha za angani, mnaliona paa la kila nyumba mkiwa mmekaa. Sisi tuliuona mji kwa miguu. Tulijifunza kuupanga kwa vitovu, maana yake kila mtaa uwe na mahali pake pa katikati penye shule, soko dogo, zahanati, maji na uwanja wa watoto, ili mama mwenye mtoto mgongoni afike na kurudi kabla uji haujapoa. Ofisini kwetu makazi tuliyapaka kahawia, majengo ya umma mekundu na maeneo ya wazi kijani. Ukiona mchoro umejaa kahawia tupu, ujue kuna watu watateseka.

Nilizunguka vituo kadhaa. Nilikaa chini ya Afisa Ardhi aliyekuwa anapiga kelele mpaka madirisha yanatetemeka, na chini ya Mkurugenzi ambaye hakuwahi kusoma mchoro wowote lakini alijua kuuliza maswali mazuri. Mwishoni nikahamishiwa Ifakara, nikashukuru, maana ilikuwa karibu na nyumbani. Siku hizo bado kwenda kwetu Mahenge tulivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Lilipojengwa daraja kubwa, na lami ikawa inakaribia, mji ulianza kukua kuliko tulivyoweza kuuchora. Watu walitoka Mofu, Namawala, Chita na mbali zaidi. Ukipumzika mwezi mmoja ukirudi unakuta mashamba ya mpunga yamegeuka misingi ya nyumba.

Tulipokea kazi ya kupanga eneo la upande wa pili wa Mto Lumemo, ambalo watu waliliita Ng'ambo. Nyumba zilikuwa zimeshajengwa pale bila mpangilio. Kazi ya namna hiyo inaitwa urasimishaji. Huvunji mtaa na kuanza upya, unawakuta watu walipo, unatafuta njia zipite wapi na huduma zikae wapi, kila mwenye nyumba anapimiwa na kuwekewa bikoni, yaani yale mawe ya mipaka.

Tatizo la Ng'ambo lilikuwa mto. Mvua ikinyesha milimani Udzungwa, hapa Ifakara unaweza kuwa umeanika nguo juani na bado maji yakaja. Daraja la miguu likifunikwa, watu wa Ng'ambo wanabaki kisiwani. Hospitali iko mjini, na dawa ziko mjini. Kila masika nilikuwa nikisikia habari ya mama mjamzito aliyevushwa kwa mtumbwi huku ameshikwa na uchungu. Kwa hiyo kwenye mchoro nilianza na zahanati kabla ya kitu kingine chochote. Niliiweka kwenye mwinuko mdogo katikati ya mtaa, mahali pekee ambapo wenyeji walisema maji hayajawahi kupanda, kando ya kisima cha pampu. Pembeni yake nikaweka uwanja wa mpira, kisha soko.

Mchoro ukapita kwenye vikao vya chini. Nilipokwenda na wapima ardhi kuweka vigingi tukakuta nyumba juu ya zahanati yangu.

Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, mpya, na zizi la miiba nyuma yake. Picha tuliyotumia ilikuwa ya zamani, ilionyesha nyasi tupu. Mwenye nyumba alitoka, mzee mrefu, Msukuma, amevaa koti juu ya shuka. Jina lake Masanja. Alivitazama vigingi, akanitazama mimi.

"Mwangaluka, mama," akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hivi vijiti ni vya nini?"

Nilimweleza. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mimi na ng'ombe wangu tumeshahamishwa kule bondeni, serikali ilipoondoa mifugo. Nikaja hapa, nikauziwa na mtu ambaye mwenyekiti mwenyewe alimfahamu. Sasa nihamie wapi tena?"

Aliyemuuzia alikuwa ameshahama wilaya, na haikusaidia kitu kumtafuta. Niliporudi ofisini Mkuu wa Idara, ambaye alikuwa mtu mwema lakini akiiogopa simu kuliko nyoka, alinisikiliza huku akiikodolea simu macho kama vile italia wakati wowote.

"Mpe kiwanja kingine pembeni," akasema. "Kule mwisho, karibu na mashamba. Kikubwa zaidi. Atafurahi, ana ng'ombe."

"Na akikataa?"

"Mama, usiniletee habari ya akikataa. Diwani amenipigia asubuhi. Wananchi wanataka zahanati yao."

Ukaitishwa mkutano wa mtaa, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa mpunga, watu wamekaa juu ya magunia na pumba zinapeperuka. Wengi walikuwa wakulima, Wapogoro wenzangu na Wandamba. Nilijua kitakachotokea. Mwenyekiti wa mtaa hakumaliza hata kufungua.

"Aondoke!" mmoja akapiga kelele. "Ng'ombe zao zimekula mpunga wetu!"

"Zahanati ni ya watoto wetu!"

"Tumwondoe wenyewe kama serikali inaogopa!"

Masanja alikuwa amesimama nyuma na wanawe wawili. Niliona mikono ya wale vijana imekunjwa ngumi. Nilimwona na kijana mmoja wa upande wetu akiokota kipande cha tofali na kukishika tu, bila kukirusha. Nikasimama. Nikaishika meza ya mwenyekiti. Nikasema kwamba mchoro haujaidhinishwa, kwamba mchoro wowote unaweza kubadilika, na kwamba atakayemgusa mtu au nyumba atakuwa ameizuia zahanati yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna ofisi itakayojenga juu ya ugomvi. Sijui kama hilo la mwisho lilikuwa kweli. Walinung'unika, wakatawanyika. Yule kijana akalitupa tofali lake kwenye pumba.

Kesho yake nilikwenda kwa Masanja bila wapima, bila gari la ofisi. Nilitaka kumweleza uzuri wa kile kiwanja cha pembeni. Yeye hakuwepo. Mlangoni alikuwa amekaa mkewe, Mama Kulwa, ameinama mbele kidogo, viganja juu ya magoti. Nilisikia kifua chake kabla sijamfikia. Kilikuwa kinapiga filimbi.

"Karibu, mama. Nisamehe siinuki. Ni pumu."

Nikakaa kwenye kigoda. Alivuta pumzi kwanza, ndipo akasema sentensi moja, akavuta tena.

"Kule bondeni nilikuwa nakaa mbali na watu. Nikibanwa, mpaka mtu aje, nimeshakuwa bluu. Nikamwambia mume wangu, mimi nataka mahali ambapo maji yapo karibu na watu wapo karibu. Ndipo akanunua hapa. Sasa wewe unasema tuende mwisho wa mashamba."

"Ni kwa ajili ya zahanati, mama."

"Najua. Na hiyo zahanati ni ya nani?"

"Ni ya watu wa mtaa huu."

"Na mimi ni wa mtaa gani?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikijisifu kwamba nasogeza vitu karibu na watu, na sasa ili nivisogeze nilikuwa namfukuza mtu anayevihitaji kuliko wote pale. Nilikunywa maji aliyonipa, nikaaga. Njiani nilisimama nikageuka kuangalia ule mwinuko. Nyumba ya Masanja ilikuwa upande wake wa mashariki. Kisima kilikuwa katikati. Upande wa magharibi hapakuwa na kitu ila nyasi fupi na magoli mawili ya miti.

Nilichora upya. Zahanati ikahamia magharibi, juu ya sehemu ya uwanja wa mpira. Nyumba ya Masanja ikabaki, ikapakwa kahawia pembeni ya kitovu. Zizi lake likahamishiwa nje ya mtaa kabisa, maana zizi na kisima haviwezi kukaa pamoja, na hilo alilikubali bila kubishana. Uwanja wa mpira ukabaki, lakini mdogo. Na ndani ya kiwanja cha zahanati nikabana nyumba ya muuguzi, ingawa mchoro wa kwanza ulimpa muuguzi nyumba mbali, upande wa mjini, kando ya barabara. Niliwaza: mto ukijaa, dawa zitakuwa Ng'ambo na mwenye kujua kuzitumia atakuwa wapi?

Mkuu wa Idara alivua miwani. "Uwanja huu haufikii kipimo cha kanuni."

"Najua."

"Wakaguzi wakija watauliza nani kaupunguza."

"Waambie ni mimi."

"Mama, wewe umebakiza muda mfupi ustaafu. Kwa nini unajitafutia presha?"

Nilimjibu kwamba presha ninayo tayari. Alicheka kidogo, kisha akaweka sahihi haraka haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Majuma yaliyofuata nilishtuka kila mara mlango wa ofisi ulipofunguliwa. Afisa wa kuidhinisha michoro alipokuja hatimaye, tulimtembeza mwinuko wote kwa miguu. Mwishowe akasema, "Uwanja mdogo nauona. Sehemu nyingine isiyofikiwa na maji siioni. Nitaupitisha, lakini uandikwe sababu." Tukaandika.

Vijana wa mpira hawakunisamehe kwa urahisi. Nilikuwa nikipita wanaimba, "Mama Ramani, turudishie kona!" Mpira wao ukipigwa kwa nguvu ulikuwa unaingia kwenye msingi wa zahanati. Wakulima nao walisema nimehongwa ng'ombe. Kanisani nilisalimiwa kwa ubaridi, na wapo waliohama benchi. Hilo liliniuma kuliko maneno ya ofisini.

Jengo lilipanda polepole, likaezekwa, likapakwa rangi. Muuguzi akaletwa, binti wa Mofu anayeitwa Editha, akaingia kwenye ile nyumba yake ndogo. Dawa zikaletwa kwenye makasha, zikafungiwa ndani. Kilichobaki ni uzinduzi. Mgeni rasmi aliahirisha, akaahirisha tena, na maagizo yalikuwa kwamba huduma isianze kabla ya siku hiyo.

Masika yakaingia. Asubuhi moja nilivuka kwenda Ng'ambo kuangalia mifereji ya barabara mpya. Jua lilikuwa kali, lakini milimani kulikuwa kumesimama wingu jeusi tangu jana yake. Kabla ya saa sita maji yalikuwa yameshapanda juu ya daraja la miguu, ya rangi ya chai, yakibeba migomba mizima. Nikawa kisiwani na wenyeji. Mtandao wa simu ulikuwa umekatika. Nilisimama na mwenyekiti tukihesabu nyumba za chini zilizokuwa hatarini, ndipo nikawaona wanawe Masanja wanakuja mbio, wamembeba mama yao kwenye kitanda cha kamba.

Mama Kulwa hakuwa anapiga filimbi tena. Hilo ndilo lililonitisha. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na macho yanatafuta.

Editha alitoka nyumbani kwake akiwa na kanga kiunoni. Alimshika mkono, akamsikiliza mgongoni.

"Anahitaji dawa ya kuvuta na sindano, sasa hivi."

"Zipo?" Masanja akauliza.

Editha aliangalia mlango wa zahanati, wenye kufuli na utepe mwekundu uliokwisha kufungwa tayari kwa sherehe. "Zipo. Lakini sijaruhusiwa kufungua. Mganga Mkuu wa Wilaya amesema mpaka uzinduzi." Alijaribu simu, akajaribu tena. "Haipatikani. Jamani, haipatikani."

Alikuwa mtumishi mpya, hata hajathibitishwa kazini. Niliona anavyoteseka. Watu walikuwa wamejaa, wakiwemo wale wale waliopiga kelele siku ya mkutano.

"Editha," nikamwambia, "fungua. Tutakwenda kueleza pamoja, mimi na wewe."

"Mama, wewe ni wa ardhi. Hawatakuuliza wewe."

"Nitakwenda hata wasiponiuliza."

Alinitazama. Kisha akakimbilia nyumbani kwake, akarudi na funguo. Utepe aliuchana kwa mkono. Yule kijana wa tofali, namkumbuka vizuri, ndiye aliyeingia na kupasua makasha huku Editha akisema, "Siyo hilo, lile dogo, lile dogo!" Sisi wengine tulibaki nje kwenye jua. Masanja alikaa chini kwenye ngazi, mikono kichwani. Ndani palikuwa kimya. Maji ya mto yalisikika kama lori lisilofika. Nilisali rozari bila rozari, nikasahau nilipofika, nikaanza upya.

Ndipo tukaisikia ile filimbi ya kifua, nyembamba, kisha nene zaidi. Sijawahi kufurahia sauti mbaya namna ile. Editha akatoka jasho linamtiririka, akasema, "Anavuta." Masanja alisimama, akashindwa kushukuru kwa Kiswahili. "Wabeja," akasema. "Wabeja sana." Wanawake wawili wa Kipogoro wakaingia ndani kumshikia Mama Kulwa mgongo. Waliokuwa na wagonjwa majumbani wakaenda kuwaleta, na Editha hakufunga tena mlango mpaka maji yaliposhuka.

Tuliitwa kueleza. Tulikaa mbele ya Mganga Mkuu wa Wilaya kama watoto wa shule. Alitusema kwelikweli kuhusu taratibu, kuhusu dawa zisizoingizwa kwenye hesabu, kuhusu mgeni rasmi ambaye sasa atazindua kitu kilichokwisha zinduliwa. Editha alikuwa analia kimya kimya. Mganga alipomaliza aliuliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko kwake," nikasema. "Jirani na zahanati."

Alijikuna kidevu. "Rudini kazini. Na huo utepe mfunge mwingine." Editha alithibitishwa kazini baadaye, ingawa alisubiri kuliko wenzake, na kila mwezi uliopita nilijisikia mimi ndiye niliyemcheleweshea. Mama Kulwa aliishi. Bado anaishi, na bado anabanwa baridi ikizidi.

Mimi nilistaafu, nikajenga Ng'ambo. Watu hudhani mtu akistaafu wasiwasi nao unastaafu. Wangu umehama nami. Nikikaa barazani naona mji unavyokimbilia mashambani, kila mwenye shamba anakata vipande vyake na kuviuza, hapaachwi njia, hapaachwi kisima, hapaachwi hata mti. Najiuliza watoto watakaozaliwa kule watasomea wapi, na masika yakija watavushwa na nani. Huwa nasikiliza mvua ya milimani ambayo haijafika kwetu. Daktari ameniambia nipunguze chumvi na mawazo. Chumvi nimepunguza.

Mwezi uliopita Afisa Mipango Miji mpya, binti mmoja anaitwa Devota, alikuja kunisalimia. Ana kishikwambi chenye picha iliyopigwa na ndege isiyo na rubani, safi kiasi kwamba unaona kuku. Aliniomba twende wote kwenye eneo jipya ng'ambo ya reli analotakiwa kulipanga. Sikutaka, goti linaniuma. Lakini wingu lilikuwa limesimama Udzungwa na sikuweza kukaa nyumbani, nikapanda bodaboda nikamfuata.

Tulitembea kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka. Kulikuwa na nyumba chache, moja moja. Kwenye nyumba ya kwanza alitoka mwanamke akiwa na mtoto mgongoni na ungo mkononi. Alikiona kishikwambi, akaziona fulana za wapima waliokuwa nyuma yetu na mapanga ya kufyekea. Ungo ukashuka taratibu.

"Mmekuja kutuhamisha?"

Nilifungua mdomo nijibu, kwa mazoea ya miaka yote ile. Devota alikuwa ameshapiga hatua mbele, amekizima kishikwambi chake na kukishika chini ya kwapa.

"Shikamoo, mama," akasema. "Bado hatujachora kitu. Nimekuja kwanza unionyeshe maji unachota wapi."

Yule mwanamke alikitazama kishikwambi kilichozimwa. Kisha akauweka ungo juu ya jiwe, akamkaza mtoto mgongoni, akatangulia. Nikawafuata polepole, kwa goti langu.